Msimu wa Kaka Umebakiza Mechi Moja

Jumatatu, 3 Juni

Msiba. Sina neno jingine. Mke wangu ameingia chumba cha nyuma na futi yake ya ushonaji, akapima ukuta hadi ukuta, akaandika vipimo kwenye kiganja. Nikauliza anapima nini. Akasema kitanda cha mama yangu. Mama ameteleza bafuni kwake, nyonga imepata ufa, na daktari amekataa katakata aendelee kuishi peke yake. Anakuja Jumamosi. Nilifurahi. Ni mama yangu, nani asiyefurahi? Kisha nikageuka nikaona kilichomo chumbani.

Mashine saba za gemu. Kreti mbili za CD. Pedi za kuchezea kumi na tisa, nzima nne. Runinga ya mgongo, ile ya kubebwa na watu wawili. Ndiyo mabaki ya banda letu la gemu, mimi na marehemu Kaka. Tuliliendesha miaka tisa, mtaa mzima ukija kucheza, mpaka kila mtu alipopata simu yake na gemu zake ndani ya simu. Banda likafa. Mwaka uliofuata Kaka naye.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwa upole kabisa nichague moja, moja tu, zilizobaki ziuzwe au zigawiwe kabla ya Jumamosi. Akaongeza kwamba hiyo moja itakaa sebuleni, na sebuleni ndiko wateja wake wanakopimiwa nguo, kwa hiyo iwe na sura ya kutazamika.

Nimemweleza kwamba vitu hivi vinapanda thamani kila mwaka. Akauliza nani kaniambia. Nikasema wataalamu. Akauliza wataalamu gani. Nikaenda kuoga.

Jumanne, 4 Juni

Ofisini sikufaa kitu. Mimi ni karani wa masjala, mafaili ndiyo maisha yangu, na leo nimeliweka faili la mitaro kwenye rafu ya likizo za uzazi. Akili yote ilikuwa kwenye mashine mbili.

Ya kwanza tunaiita Kovu. Kaka aliidondoshea pasi ya moto. Mgongo umeyeyuka na kukunjamana, haitazamiki. Lakini ni nzima. Ndani yake kuna kadi ya memori ya Kaka, imenasa kwenye tundu lake tangu siku hiyo ya pasi, huwezi kuichomoa bila kuivunja. Na ndani ya kadi kuna msimu wake.

Niandike vizuri, maana hapa ndipo penye roho yangu. Kaka alitengeneza timu ya mpira. Alifuta majina ya wachezaji wote akaandika ya kwetu. Marehemu Baba, kipa. Mama, beki wa kati na nahodha. Mke wangu, kiungo mkabaji, na kwa hilo sikubishana naye. Kaka mwenyewe namba tisa. Akaichezesha msimu mzima, mechi thelathini na saba, ikabaki moja. Siku anakwenda kulazwa aliniambia nisiiguse mpaka arudi. Hakurudi. Sijaigusa. Mara moja kwa mwezi naiwasha, nasoma majina, naizima. Huu mwaka wa nne.

(Mimi niko benchi. Namba kumi na nane. Lakini Dokta, fundi redio wa pale kona, anayevaa koti jeupe kama yuko wodini, ambaye si ndugu yetu wala nini, anaanza namba kumi na moja! Sisemi kitu. Nimeandika tu.)

Mashine ya pili ni Malkia. Aina ileile, haina mchubuko, inang'aa. Na imekufa fofofo. Niliinunua kwa ajili ya sura.

Basi saa nne asubuhi, mkono wangu ukiwa ndani ya faili la mitaro, wazo likanishukia. Nitafungua mashine zote mbili. Matumbo mazima ya Kovu, pamoja na kadi, nitayatia ndani ya kasha zuri la Malkia. Matumbo mafu ya Malkia nitayatia ndani ya kasha bovu la Kovu. Kwa nje hakuna atakayejua. Kisha nitasimama mbele ya mke wangu niseme: kwa ajili ya Mama, naitoa Kovu, mashine ya ndugu yangu mwenyewe. Nani ataona kujitoa kwa namna hiyo asilainike? Atalainika, ataniachia Malkia, na kwa huruma ataniachia nyingine tatu au nne.

Nimeyapitia mara mbili. Sioni tundu lolote.

Jumatano, 5 Juni

Nimeaga kazini kwamba naumwa jino. Mke wangu alikuwa amekwenda kununua zipu na vifungo. Nilipata saa moja na nusu, bisibisi mbili, na kisu cha mezani.

Operesheni imefaulu! Matumbo ya Kovu yameingia ndani ya Malkia kama yalizaliwa humo. Kadi ya Kaka imekaa nyuma ya kile kifuniko kidogo cha mbele, ukikishusha huioni. Nimeiwasha, CD ya mpira ikiwa ndani. Majina yote yapo. Baba golini. Nikaizima haraka, nisije nikaanza mambo ya machozi nikiwa na kazi.

Parafujo tatu zimebaki mezani. Sijui zilitoka wapi. Nimezitupa.

Jioni nikatoa hotuba. Nilisimama karibu na cherehani ili anione kwa mwanga mzuri. Nikasema nimefikiri sana. Nikasema Mama ni mmoja. Nikasema Kovu iende. Sauti ilinikatika pale pale nilipopanga inikatike, halafu ikaendelea kukatika hata nilipokuwa sikupanga.

Mke wangu aliacha kushona. Akaniuliza kama nina hakika, ile ni ya marehemu. Nikainamisha kichwa. Akatoa leso.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi juu ya ushindi. Leo asubuhi mke wangu amenitilia mwenyewe sukari kwenye chai yangu, kijiko cha tatu, bila kuombwa. Amesema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Amesema mbali na ile ya sebuleni, ninaweza kuweka tatu juu ya kabati, zifunikwe shuka. Nne kwa jumla! Kutoka moja mpaka nne, kwa hotuba moja!

Amesema nisihangaike na mauzo, nitaumia bure. Dokta atapita kesho mchana kuchukua zilizobaki, na yeye mke wangu atakuwepo nyumbani, atamkabidhi mwenyewe. Kovu na mbili nyingine. Nikasema sawa, sitaki kuwepo, sitaweza kuangalia. Akanishika bega.

Jamani, kudanganya mtu mwema si kazi ndogo. Usingizi ulinipaa kama nusu saa hivi. Kisha nikalala vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye beseni lililogeuzwa, uani, kwa sababu siwezi kukaa ndani.

Nimerudi kazini saa kumi na nusu. Mke wangu alinipokea mlangoni. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba, nikidhani ni shati jipya. Akanishika mkono hadi sebuleni. Akasema fumbua.

Kovu!

Juu ya meza, imepanguswa, chini yake kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Akasema alishindwa. Akasema Dokta alipofika na mkokoteni, naye akaiinua Kovu kumpa, aliiona alama ile ya pasi, akamkumbuka shemeji yake alivyokuwa akicheka siku ile, mikono ikakataa. Liwalo na liwe, akasema, wateja waione hivyo hivyo. Akampa Dokta Malkia badala yake. Akasema kizuri bila historia ni cha kazi gani? Alikuwa analia. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona tangu tulipooana.

Nikasema ahsante. Ningesema nini kingine? Nimwambie kwamba amebaki na kasha, na msimu wa Kaka umeondoka na mkokoteni? Nimwambie kwa nini? Ingebidi nianze na hotuba.

Nimekimbia hadi kona. Nimesema nakimbia kununua mkate. Kibanda cha Dokta kimefungwa, kufuli kubwa. Jirani yake anayeziba viatu kasema Dokta kaenda kufunga dishi kwa mtu, harudi mpaka Jumapili. Nimechungulia kwenye ufa wa mlango. Nimeiona Malkia kwenye rafu, katikati ya redio mbili. Dokta huwa anafungua kila kitu anachonunua, anafuta kilichomo, anauza upya. Ndiyo kazi yake. Anafanya kwa dakika tano, anapiga mluzi.

Nimerudi bila mkate. Kaka, nisamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amefika saa tano kwa gari la kukodi, na magongo mawili na mfuko mmoja. Amepungua. Kanga yake inamzunguka mara mbili na kubaki. Tumemlaza chumba cha nyuma. Kitanda kimeenea sawasawa, vipimo vya mke wangu havikosei. Amesifu mapazia. Amesifu ukuta. Kisha akaniita nisogee.

Akauliza kama ile timu ya mwanawe bado ipo.

Nikasema timu ipi. Akasema, timu. Ile aliyomweka yeye beki. Akasema marehemu alimsimulia kila mechi kwa simu, kila Jumapili, na yeye hajui mpira ni nini lakini alikuwa akiuliza kama baba yetu amefungwa mangapi. Akasema huko nyumbani kwake peke yake, akilala na nyonga, alikuwa akijaribu kuwakumbuka wote kumi na mmoja kwa majina, na kuna mmoja anamsahau. Anataka kuwaona. Ndilo alilokuwa akilisubiri njia nzima.

Mke wangu akaniangalia kwa fahari, akasema si unaona, ningeiuza! Akaenda sebuleni kuileta Kovu.

Nikamwahi mlangoni. Nikasema mashine inahitaji kupumzika baada ya kupanguswa. Nikasema unyevunyevu. Mama akasema hana haraka, hata kesho. Sikula chochote siku nzima. Naona na njaa yenyewe imenikimbia kwa aibu.

Jumapili, 9 Juni

Nilikuwa mlangoni kwa Dokta kabla hajafungua. Akafika saa tatu, koti jeupe mkononi, akapigwa na butwaa kuniona nimevaa suruali ya kazini siku ya mapumziko. Nilikuwa nimeandaa hadithi: kwamba Malkia ina hitilafu ya hatari, inaweza kulipuka, nimekuja kumwokoa. Sikufika mbali. Akanikatiza. Akasema ameiwasha.

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikauliza amefuta nini.

Akasema hajafuta kitu. Akasema aliiwasha Ijumaa ile ile, kabla hajaenda kwenye dishi, kidole kikiwa tayari kwenye kufuta, akaona jina lake. Namba kumi na moja. Hakujua. Miaka yote hakujua kwamba Kaka alimpanga. Akaizima, akafunga kibanda, akaenda zake. Aliyasema hayo akiwa ameangalia redio, si mimi. Koti lake lilikuwa bado mkononi.

Kisha akaitoa rafuni akaniwekea mapajani. Akasema nichukue, ni ya kwetu, hataki kitu.

Hapo ndipo nikashtuka. Hataki kitu? Dokta, ambaye hata kukuangalizia betri anakudai? Lazima kuna jambo. Akinipa bure leo, kesho atasema yuko namba kumi na moja na mashine alinipa yeye, na mimi nitabaki benchi maisha yangu yote. Sikubali! Nikasema mimi si mtu wa kupewa. Nikasema tubadilishane. Akasema hakuna haja. Nikasema nitaleta mashine tatu zilizo juu ya kabati. Akasema jamani, chukua tu. Nikasema na Kovu. Akasema ndugu yangu, nenda nyumbani. Nikasema na kreti zote mbili za CD, na pedi kumi na nane, na neno langu ni la mwisho!

Akasema haya, kama ndivyo ninavyotaka.

Nimekwenda na kurudi mara nne. Mke wangu alishangaa. Nimemwambia kila kitu, kwa sababu mkono mmoja nilikuwa nimeshika Kovu na mwingine Malkia na sikupata uongo wa kutosha mashine mbili. Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akauliza kama na sauti kukatika ilikuwa sehemu ya mpango. Nikasema ya kwanza tu. Akasema basi tumebaki na moja, kama alivyosema Jumatatu, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Kitambaa cha tarizi amekiondoa mezani. Hilo limeniuma kuliko maneno.

Jumatatu, 10 Juni

Leo jioni tumeiwasha chumbani kwa Mama. Runinga ya mgongo juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nimemsomea majina, moja baada ya jingine, yeye akirudia. Aliyekuwa akimsahau ni Dokta. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Akauliza mimi niko wapi. Nikamwonyesha kule chini kabisa. Nikasema, kwa utulivu, kwamba Kaka aliniweka akiba. Nikasema kila mtu ana mtazamo wake.

Mama akacheka mpaka akashika nyonga. Akasema kwani sijui? Kaka alimwambia kila Jumapili. Kila mechi, dakika ya themanini, anajitoa mwenyewe ananiingiza mimi. Mechi zote thelathini na saba. Mama alimuuliza kwa nini asinianzishe, akamjibu kwamba mimi sifai kuanza jambo lolote, naharibu, lakini akichoka yeye hakuna mwingine anayemtaka ammalizie.

Nilitoka nje. Nilisema nakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Hatuna geti.

Jumanne, 11 Juni

Mama ameamka na neno moja: ichezwe. Nikamwambia Kaka alisema isiguswe mpaka arudi. Akasema anajua, yeye ndiye aliyemzaa na yeye ndiye aliyemfunika, na harudi. Akasema amechoka kuwa na mtoto aliyebakiza mechi moja. Anataka kuisikia firimbi ya mwisho, halafu alale.

Hakuna anayebishana na nahodha. Nimetoka kazini mapema (jino jingine). Saa kumi tumeanza, Mama juu ya mito miwili, mke wangu sebuleni akishona magauni ya harusi ya watu, mlango wazi. Mikono ilikuwa na jasho, pedi inateleza. Nilicheza kwa heshima zote. Tukafungwa moja dakika ya ishirini. Mama akamlaumu Baba. Kipindi cha pili Dokta akapiga krosi, nakiri ilikuwa krosi nzuri, na Kaka akaruka, kichwa, nyavuni. Moja moja! Mama alipiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio na sindano mdomoni. Akasimama kidogo, akatazama, akarudi kazini kwake. Nadhani alitabasamu.

Dakika ya themanini Mama akasema haya, mtoe mwenzio, amechoka. Nikabonyeza. Jina la Kaka likaandikwa jekundu, langu kijani. Akatoka polepole kama wanavyotoka. Nikaingia.

Dakika ya themanini na tano. Ya themanini na saba. Sikuwa napiga mpira mbele, nilikuwa naurudisha kwa Baba, naye ananirudishia. Firimbi ikilia, msimu umekwisha, na mashine itauliza nihifadhi au nisihifadhi, na baada ya hapo Kaka hana mechi tena. Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote.

Dakika ya themanini na tisa nikanyoosha mguu, nikachomoa plagi kwa kidole gumba.

Nikasema lo! Umeme umekatika!

Mama hakufumbua macho. Sebuleni cherehani ya umeme ya mke wangu ilikuwa inanguruma, haikupumzika hata kidogo, ikamaliza pindo moja ikaanza jingine. Tukaisikiliza sote wawili. Mama akauliza ni umeme wa aina gani huo unaokatika chumba kimoja. Nikasema ni fyuzi. Akasema sawa, ni fyuzi. Akanishika mkono, akaubana kidogo, akauliza kama kesho itakuwa imepona. Nikasema bila shaka.

Haikuhifadhiwa. Nimehakikisha baadaye, alipolala. Mechi thelathini na saba, imebaki moja, namba tisa ni Kaka.

Kesho akiuliza, nitasema fundi wa fyuzi anaumwa. Ya keshokutwa bado naitafuta.